Pamba ya Kilo Mia Mbili Thelathini na Sita

Juba, 9 Februari

Dada Nyakong,

Naandika kwa utaratibu wa zile fomu za Msalaba Mwekundu tulizokuwa tukimwandikia Baba tukiwa kambini Kakuma: afya kwanza, familia pili, mengine kama karatasi inabaki. Afya: mimi mzima, Mama mzima isipokuwa goti, na goti unalijua. Familia: huku Mangateen familia ni Mama na mimi, kwa hiyo hapo nimemaliza.

Desemba ulinikatia simu. Ulisema kwenye simu naongea mbio mpaka uongo unapita bila kuonekana, na kama nataka kusema na wewe niandike. Haya, Mwalimu. Nimenunua daftari la kurasa tisini na sita. Owen, yule Mganda anayeendesha basi la Nairobi, atakuwa anakuachia barua zangu hapo stendi ya Eldoret na kuchukua zako. Ni mtu mwaminifu, ila basi lake halina uaminifu wowote.

Umeuliza kama Mama aje kwako kwa sababu ya vita. Vita gani? Vile vita vikubwa ni vya watu wengine. Vinaunguza nchi za mbali, na redio yetu inasema kila jioni kwamba sisi hatuna upande. Mimi nafanya kazi mataar, uwanja wa ndege, ningekuwa wa kwanza kuona. Ndege za upande mmoja zinatua hapa kuongeza mafuta, basi. Mwenye kuuza mafuta ya taa hagombani na mtu kwa sababu taa ya jirani inawaka.

Sasa habari yangu, ambayo hukuuliza. Nimepewa mizani. Miaka kumi na moja nimebeba mizigo kwa mgongo huu. Sasa migongo ni ya wanaume wanane walio chini yangu, mimi nasoma namba na kutia sahihi. Jumanne tulipima kreti sitini na nne za vifaa vya hospitali, pamba na bandeji, zinapita tu kwetu kwenda mbele. Kila moja kilo 236, hakuna iliyopungua hata nusu kilo. Jumla kilo 15,104. Niliipiga kichwani kabla karani wa kampuni hajatoa kikokotoo mfukoni. Waandikie wanafunzi wako hiyo ubaoni. Waambie ni ya ndugu yako, yule aliyebaki kwenye foleni ya mgao na Mama wakati wewe umepata nafasi ya bweni.

Kuna Mganda mwingine hapa, Teopista, anatuuzia chai ya tangawizi uani kwa wapakiaji. Niliposaini fomu yangu ya kwanza alinipa kikombe cha bure, akasema, "Leo wewe iko boss. Kesho unalipa kama boss."

Mama anakusalimu. Anasema unakula? Hilo swali ni lake, si langu.

Ndugu yako,
Gatdet


Eldoret, 2 Machi

Mdogo wangu Gatdet,

Sisi wazima. Mvua imechelewa na walimu wenzangu wamepata la kulalamikia. Mwambie Mama nakula, na mwambie Nyaboth wangu sasa ananizidi urefu na amechaguliwa kuongoza kwaya ya vijana kanisani.

Hongera kwa mizani. Nasema kwa moyo mmoja, na usianze kuitafuta dharau katika sentensi hiyo kwa sababu haimo. Lakini hesabu yako niliiandika ubaoni kweli, darasa la saba, na msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo kreti ina ukubwa gani?" Nikasema sijui, labda mita moja kwa nusu mita. Akasema, "Mama yangu anashona magodoro. Pamba ya ukubwa huo mimi naibeba peke yangu."

Kwa hiyo nakuuliza wewe, ambaye hujawahi kukosea hesabu tangu tukihesabu vikombe vya mahindi kambini: pamba gani hiyo ya kilo mia mbili thelathini na sita?

Nimemkumbuka Nyanya. Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki. Nyumba yake ilikuwa katikati ya koo mbili zenye damu kati yao. Kwetu unajua: watu walioingiliwa na damu hawanywi kwenye chombo kimoja, hata wakiwa kwa mtu wa tatu asiyehusika, mpaka ng'ombe walipwe na damu ifungwe. Wakichanganya, kifo kinaingia. Basi Nyanya alikuwa na vibuyu viwili vya maji, kimoja kina kamba ya ngozi shingoni, kingine hakina. Kila mgeni alijua chake. Watu wakimsifu kwamba nyumba yake haina upande, alikuwa akiwajibu, "Haina upande kwa sababu kila asubuhi naosha vibuyu viwili. Siku nikichoka nikaosha kimoja, nitakuwa na upande."

Hapo uwanjani kwenu mnaosha vingapi?

Usikasirike. Au kasirika, lakini unijibu.

Dada yako,
Nyakong


Juba, 11 Aprili

Dada,

Afya njema. Goti la Mama liko vilevile. Mwambie Nyaboth aache kurefuka, nguo ni ghali.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Nilikuwa na kazi.

Mimi sifungui kreti. Nimeajiriwa kupima, na kilichomo ndani kina watu wake. Karatasi inasema pamba, mizani inasema kilo, mimi naandika vyote viwili kwenye fomu moja na kusaini chini. Nani kadanganya hapo? Na huyo mtoto wa magodoro aendelee na magodoro.

Unauliza vibuyu. Nitakueleza kwa mpangilio ili uache kuniwazia mabaya. Januari wale wageni, nawaita wageni na wewe utaelewa, waliomba mafuta. Mafuta ni biashara. Februari wakaomba mizigo yao ipite. Njia si uadui. Machi wakaomba ghala, la muda, kwa sababu ndege ya pili ilikuwa ikichelewa. Ghala likahitaji walinzi, walinzi wakahitaji pa kulala, na pa kulala pakahitaji uzio. Nimeupima kwa hatua, ni mita mia tatu na arobaini. Uzio ulipokamilika tukaambiwa sisi wenyeji tusivuke. Hakuna siku hata moja ambayo mtu alisimama akasema leo tumeingia vitani. Ningemsikia. Nipo pale tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Na wale maadui zao hawakukatazwa kuja. Hawajaomba tu.

Wageni ni thelathini na mmoja. Namba hiyo ni ya Teopista: kila asubuhi anawauzia vikombe thelathini na kimoja. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi aweke meza yake pale kwenye lango la uzio, kwa sababu huku uani wapakiaji wanakunywa kwa ahadi. Ukitaka kusema Gatdet anajijali mwenyewe tu, uikumbuke hiyo meza. Sasa anapika masufuria mawili na hana muda wa kukaa chini, lakini mdomo haujachoka. Juzi ananiambia mbele ya vijana wangu:

"Boss, hawa kawaja yako naweka sukari vijiko sita. Meno yao itaisha kwanza, vita bado."

Nikasema hao wageni si kawaja wangu.

"Si wewe ndiyo napima mizigo yao? Basi ni yako. Wachukue nyumbani."

Vijana walicheka mpaka Aleer akamwaga chai yake. Nami nilicheka.

Mama hahitaji kuja Eldoret. Hapa pametulia.

Gatdet


Eldoret, 3 Mei

Gatdet,

Tu wazima, asante Mungu. Mvua imenyesha. Nyaboth ana mafua.

Umejibu maswali manne ambayo sikuuliza. Umenihesabia mita za uzio, wageni, masufuria, vijiko vya sukari. Kilo hakuna. Barua yako ya Februari ilijaa kilo kama duka la nafaka. Hii ya Aprili haina hata moja. Mtu kama wewe kusahau uzito wa kitu alichopima ni sawa na Mama kusahau kuuliza kama nimekula.

Nitakwambia jambo ambalo sijakwambia. Baba, fomu zake zote kutoka Malakal ziliandikwa hivi: "Hapa ni shwari, mimi ni karani tu, sina upande." Ninazo zote kumi na nne. Ya mwisho nayo inasema shwari. Mama aliniomba niisome mara tatu, kisha akasema, "Amejifunza kuandika kama serikali."

Sikusukumi uache kazi. Najua ulivyoipata. Nakuuliza kitu kimoja tu: je, Mama angekuwa Mama wa mtu mwingine, ungemshauri huyo mtu amwache hapo?

Nyakong


Juba, 30 Mei

Dada,

Barua hii anaileta Mama mwenyewe. Ameketi nyuma ya Owen, kiti cha dirishani, ana chupa mbili za maji na blanketi. Nimemwambia ni kwa ajili ya goti, kwamba Eldoret kuna daktari mzuri wa mifupa. Tafadhali atafutwe daktari mzuri wa mifupa.

Amekataa kuacha kigoda chake, kwa hiyo kigoda nacho kinakuja.

Usinipigie simu.

Gatdet


Eldoret, 10 Juni

Mdogo wangu,

Mama amefika, na kigoda kimefika. Daktari amelitazama goti akauliza limeanza lini. Mama akasema miaka sita. Daktari akauliza, "Kwa nini mmekuja sasa?" Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta.

Nakuuliza alichouliza daktari.

Redio ya huku imesema wale wengine, maadui wa wageni wenu, wametangaza kwamba uwanja wowote unaopitisha silaha za adui yao wataupiga, hata uwe wa nchi isiyo na upande. Umesikia? Lazima umesikia. Mama jioni ananiuliza kama mwanawe ana akili ya kutoka hapo. Nimemwambia unayo. Nimesema hivyo bila ushahidi, na wewe unijibu kwa njia ya kunitoa aibu.

Nyakong


Juba, 27 Juni

Dada Nyakong,

Umeshasikia, kwa hiyo naandika yaliyo kamili.

Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi. Vyombo viwili vidogo visivyo na rubani. Cha kwanza kilipiga ghala la ndani ya uzio. Cha pili kilianguka kwenye lami, kimechimba shimo la mita mbili. Ghala liliendelea kulipuka kwa dakika hamsini. Uzio umelala mita mia moja na ishirini. Waliokufa ni watano. Wageni hakuna hata mmoja.

Watu wangu wanane wote ni wazima. Nilikuwa nimewahamishia upande wa pili wa uwanja tangu Jumatatu mchana, kwenye mifuko ya mbegu iliyohitaji kuhesabiwa upya. Aleer, Chol, Gatkuoth na wengine wote, hakuna hata mkwaruzo. Mimi ni mzima. Masikio yanalia kidogo. Nyumba yetu haikuguswa, mabati yote kumi na nane yapo.

Serikali imelaani shambulio. Imesema nchi yetu haina upande na kwamba itajilinda. Jioni ileile ndege tatu za wageni zilitua, zimebeba mitambo ya kulinda anga, na safari hii hazikuja kuongeza mafuta. Kwenye uwanja wa mpira wameanza kuandikisha vijana.

Mwambie Mama mwanawe ana akili.

Gatdet


Eldoret, 9 Julai

Gatdet,

Tumeshukuru Mungu u hai. Mama alipiga magoti na lile goti lake, hatukuweza kumzuia. Nyaboth alilia, kisha akataka kujua kama ndiyo sasa hutakuja Krismasi. Hayo ndiyo ya familia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ni barua nzuri. Ina saa, ina mita, ina wanane. Lakini tangu Februari hujaniandikia kazi yako bila kumtaja yule mama wa chai. Ile barua aliyoileta Mama naitoa, haikuwa barua. Katika hii umenihesabia hata mabati. Teopista hayumo.

Na waliokufa ni watano. Umeandika majina ya walio hai tu.

Mama anakaa kwenye kigoda chake nikimsomea. Nilipofika mwisho akasema, "Amewahamisha tangu Jumatatu. Jumatatu alijuaje?"

Sitauliza zaidi. Fomu za Baba nimezitoa sandukuni nikaziweka mezani, pembeni ya barua zako. Nisingependa kuziweka sanduku moja.

Dada yako, na bado ni dada yako,
Nyakong


Juba, 3 Agosti

Nyimar, mtoto wa mama yangu,

Leo sianzi na afya.

Jumatatu ile, tarehe ishirini na mbili Juni, nilifika kwenye meza ya Teopista kama kawaida. Alikuwa amekasirika. Masufuria yote mawili yalikuwa yamejaa. Akaniambia, "Boss, tazama hasara. Leo kawaja wanakuja wanne tu. Nimewapikia wote, wamebaki wanne. Chai yangu nani atakunywa?"

Kutoka thelathini na mmoja hadi wanne. Namba hiyo niliisoma kabla hajamaliza kuitamka. Watu hawahami kutoka penye maghala yao bila sababu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Niwekee mimi viwili." Nikavinywa vyote viwili, nimesimama pale pale, nikaisifu tangawizi yake. Halafu nikaenda kuwahamisha watu wangu wanane kwa ajili ya mbegu ambazo zilikuwa zimeshahesabiwa.

Yeye ndiye aliyenipa namba, dada. Wanaume wanane wako hai kwa namba ya Teopista, na mimi pia. Jumanne alikuja kazini. Jumatano alikuja kazini. Meza yake ilikuwa kwenye lango la uzio, mahali nilipomwombea.

Utasema kwa nini sikumwambia. Nimejieleza usiku na mchana na kila maelezo yana shimo. Nilijiambia mdomo wake ni redio, angeuliza mbele ya watu, na kampuni ingeuliza mimi nimejuaje kilichomo ghalani. Nilijuaje? Nilijua tangu Jumanne ile ya Februari. Nilijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Pamba ya kreti ile isingezidi kilo arobaini. Mtoto wa magodoro hakuhitaji mizani na mimi nilikuwa naimiliki. Nilikuandikia kilo zile kwa majivuno, nadhani pia ili mtu mwingine aone. Wewe ukaona, nami nikakukasirikia miezi mitano. Kisha nikampakia Mama kwenye basi nikasema ni goti.

Nilikuwa na orodha. Mama mmoja, wanaume wanane, mabati kumi na nane. Muuza chai hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, wala ya wageni, wala ya serikali isiyo na upande, wala ya mteja wake wa kwanza wa kila asubuhi.

Ana kaka hapa, Erifazi, anauza unga na ndizi soko la Konyo Konyo. Alimsafirisha kwenda kumzika kwao Masaka, akarudi katikati ya Julai. Barua yako ilinifika siku hizo hizo. Jumapili ya tarehe kumi na tisa nikapanda boda nikaenda kumpa pole.

Nilimkuta nyuma ya kibanda chake. Alinitambua kabla sijasema jina. "Wewe ndiyo boss ya mizani. Dada yangu alikuwa nasema wewe kila siku wa kwanza, hata mvua." Akanikalisha kwenye gunia la unga, akafungua chupa ya chai, akamimina vikombe viwili. Tangawizi ileile. Nadhani walifundishwa na mama mmoja.

Nikakishika kikombe, mkono ukakataa. Si kwamba niliwaza habari za Nyanya. Sikuwaza chochote. Mkono wenyewe ulijua kwamba kati yangu na mtu huyu kuna damu, na kwamba mimi nisinywe kwenye chombo chake. Nikakiweka chini.

Yeye si mtu wa kwetu, hajui hayo. Akasema, "Mbona hapana kunywa?"

Nikasema nimeshiba.

"Chai haina shiba. Ni sukari? Nitaongeza."

Nikasema Erifazi, siwezi kunywa hapa kwako.

Uso wake ukabadilika. "Kwa nini? Mimi mchafu? Kwa dada yangu ulikuwa nakunywa, kwangu mimi unakataa, na siku ya kilio?"

Ningeweza kunywa, dada. Tone moja lingemaliza mambo. Angeniona mgeni mzuri, ningerudi Mangateen. Lakini nilikuwa nimeshakunywa vile viwili vya dada yake. Ikabidi nimwambie kwa nini kwetu mtu anakataa kikombe. Nikamwambia habari ya damu. Akasikiliza kama mtu anayesikiliza bei, kisha akauliza swali moja:

"Ulijua siku ngapi?"

Nikasema mbili. Nikasikia uongo wangu umekaa pale katikati ya vikombe, mdogo, nadhifu, kama wa karani. Nikasema, "Siku mbili nilijua ni lini. Miezi minne na nusu nilijua ni nini."

Akasema, "Enda."

Jumapili ya pili nilirudi na karatasi. Nilikuwa nimenakili kutoka kwenye daftari langu: ndege thelathini, kreti sitini na nne kila ndege, kilo 236 kila kreti. Jumla kilo 453,120, na kila fomu ina sahihi yangu. Nilimwambia nimeacha nakala kwa padri wetu pia, na akitaka kuipeleka popote mimi nitasimama pale niseme ni mwandiko wangu. Aliisoma polepole kwa kidole. Alikuwa amenimiminia chai kabla hajaona nimebeba nini, kwa mazoea tu ya mtu aliyelelewa vizuri. Ilipoa hapo mbele yangu mpaka ikaota utando. Nikaondoka.

Mizani nimeirudisha. Usinisifu. Fomu za Julai zilipokuja hazikuwa tena na neno pamba. Sasa wanaandika jina la kitu chenyewe, wazi, kwa wino, kwa sababu sasa ni vita vyetu na hakuna haja ya kuficha. Miezi mitano nilisaini uongo bila kusita. Ukweli ulipoandikwa ndipo nikashindwa. Gatkuoth ndiye anayesaini sasa. Aleer amejiandikisha. Wanawaita walinzi wa mipaka, lakini ndege iliyowachukua ilielekea mbali kuliko mpaka wowote wa kwetu. Redio jana jioni ilisema tena kwamba hatuna upande. Tulisikiliza duka zima hapa Mangateen, hakuna aliyecheka.

Jana ilikuwa Jumapili ya tatu. Nilisimama mlangoni mwa kibanda, sikukaa. Erifazi alikuwa na mteja, mama wa Kinuer kama mimi, mwenye alama za paji la uso. Alipoondoka, Erifazi akanigeukia.

"Nimeuliza watu yako," akasema. "Hapa sokoni wako wengi. Wamesema kweli kwenu ni hivyo. Wamesema mtu kama wewe, mimi sitakiwi hata kukupa maji."

Nikasema ni kweli.

"Na unakuja tu?"

Nikasema nakuja tu.

Akaifungua ile chupa. Akachukua kikombe kimoja, akakimimina, akakivuta upande wake. Akafunga chupa.

"Basi kaa," akasema. "Lakini chai, hapana."

Nikakaa kwenye gunia la unga. Alikunywa, mimi nikamtazama akinywa. Sijui kama utanielewa, dada, lakini nilishukuru. Tangu Juni yeye ndiye mtu wa kwanza katika mji huu kunihesabu kuwa nina upande.

Muulize Mama: kwetu damu inafungwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hupelekwa na wazee wa pande zote mbili. Hapa upande mmoja una mimi peke yangu, na upande wa pili hawana desturi hiyo. Tunaanzia wapi? Jumapili ijayo nitakuwa pale tena, na nisingependa kwenda mikono mitupu.

Afya: mzima. Familia: wewe waijua.

Waliokufa ni Florence na mwanawe Ngor waliokuwa wakifagia barabara ya ghala, Josline wa chakula, mlinzi mmoja aliyeitwa Kur, na Teopista.

Barua hii msomee Mama yote. Usiruke namba.

Gatdet